Kioo mwanzo mwisho: simu isiyo na fremu inakupa nini, na inakuchukulia nini?

Ukipita kwenye maduka ya simu siku hizi utaona simu zimefanana kama mapacha. Mbele yote ni kioo. Ule ukingo mweusi uliokuwa unazunguka skrini umebaki kama uzi, kitufe cha chini hakipo tena, na juu kuna tundu dogo la kamera. Muuzaji anakugeuzia simu kwenye mwanga na kukwambia, "Bosi, hii ni kioo mwanzo mwisho."

Inapendeza, hilo halina ubishi. Ila swali la leo ni hili: ule ukingo, ambao hapa tutauita fremu, ulikuwa unafanya kazi gani? Kama ulikuwa urembo tu, basi kuuondoa ni faida tupu. Kama ulikuwa na kazi, basi kazi hizo zimehamia mahali pengine, na kuna mtu anazilipia. Jibu fupi: ulikuwa na kazi, tena nyingi. Na mara nyingi anayelipa ni wewe mnunuzi, siku simu inapoanguka.

Kabla hatujaendelea, tuelewane kwenye maneno mawili. "Kioo" ni kile kigae kigumu cha juu unachokigusa. "Skrini" ni sehemu iliyo chini yake inayotoa picha. Mtaani tunaita vyote kioo, lakini tofauti hii itatusaidia mbele.

Kwanza, hesabu kidogo

iPhone ya kwanza ilitoka mwaka 2007. Mwili wake ulikuwa na urefu wa milimita 115 na upana wa milimita 61, na skrini yake ilikuwa ya inchi 3.5. Ukipiga hesabu ya eneo, skrini ilichukua takribani asilimia 52 ya uso wa mbele. Yaani karibu nusu ya uso wa simu haikuonyesha kitu.

Oktoba 2016, kampuni ya Xiaomi ya China ikaonyesha simu inayoitwa Mi Mix, iliyobuniwa kwa kushirikiana na mbunifu Mfaransa Philippe Starck. Haikuwa ya kwanza kujaribu, kwani Sharp ya Japani ilishatoa Aquos Crystal mwaka 2014, ila Mi Mix ndiyo iliyoshtua watu wengi. Juu, kulia na kushoto, fremu ilikuwa karibu haipo. Tangazo lilisema skrini imechukua asilimia 91.3 ya uso wa mbele.

Sasa chukua vipimo vyenyewe: mwili wa milimita 158.8 kwa 81.9, skrini ya inchi 6.4 yenye uwiano wa 17 kwa 9. Hesabu inakupa kama asilimia 84. Bado ni kubwa, ila umeona mwenyewe: asilimia ya kwenye tangazo inahitaji kupimwa. Rula na kalkuleta vinatosha.

Fremu ilikuwa inaficha nini?

Fikiria ukuta wa nyumba ambao ndani yake mmepita nyaya za umeme na mabomba ya maji. Ukitaka ukuta uondoke, nyaya na mabomba haviondoki. Lazima uvihamishe. Fremu ya simu ilikuwa ukuta wa namna hiyo.

Ndani yake kulikuwa na nyaya. Skrini ya kawaida ya leo, yenye pikseli 1080 kwa 2400, ina zaidi ya pikseli milioni 2.5, na kila moja lazima ipewe amri. Pembeni kuna saketi nyembamba zinazoamrisha mistari, na chini kuna chipu inayoiongoza skrini nzima. Kwenye simu nyingi za bei nafuu chipu hiyo inakaa juu ya kigae cha skrini yenyewe, kwa hiyo inahitaji nafasi. Ndiyo maana simu hizo zina "kidevu", yaani ukingo wa chini mnene kuliko wa juu. Kwenye simu za bei kubwa skrini imetengenezwa kwa plastiki inayokunjika, ncha yake ya chini ikakunjwa kwenda nyuma pamoja na chipu. iPhone X ya mwaka 2017 ilifanya hivyo. Kwa hiyo kidevu kinakwambia kitu kuhusu bei ya skrini iliyomo ndani.

Kulikuwa pia na gundi ya kuziba. Skrini za OLED zinatoa mwanga kwa kutumia tabaka za kemikali zinazoharibika zikikutana na unyevu au oksijeni, kwa hiyo kingo zake lazima zizibwe vizuri. Lile doa jeusi linalosambaa kama wino kwenye skrini ya OLED iliyopasuka mara nyingi ni hewa na unyevu vinaingia ndani.

Kulikuwa na nafasi ya antena. Antena haipendi kubanwa na metali, na skrini imejaa tabaka zinazopitisha umeme. Skrini ikisogea karibu mno, antena inapoteza sehemu ya uwezo wake wa kutuma na kupokea mawimbi. Wahandisi wana njia za kulikabili hili, lakini nafasi ikipungua, kazi yao inakuwa ngumu zaidi.

Na mwisho, fremu ilikuwa uso wa simu: kamera ya mbele, spika ya sikioni, na kile kitambuzi kinachozima skrini ukiweka simu sikioni.

Kuhamisha mabomba

Mi Mix inafundisha vizuri hapa, kwa sababu ilijaribu kuhamisha karibu kila kitu kwa mkupuo. Spika ya sikioni iliondolewa, ikawekwa seramiki maalumu inayotikisika ikipewa umeme, mtikisiko ukasafiri kwenye mwili wa simu hadi sikioni. Kitambuzi cha ukaribu kikatumia mawimbi ya sauti ambayo binadamu hawezi kuyasikia. Kamera ya mbele ikapelekwa chini kidevuni, hivyo mtu akitaka kujipiga selfi vizuri anageuza simu kichwa chini miguu juu.

Matokeo yake? Mwaka uliofuata, Mi Mix 2 ikarudisha spika ya kawaida juu ya skrini. Kamera ikabaki kidevuni. Simu ni kifaa cha kuongea kabla ya kuwa kifaa cha kutazama, na spika ndiyo iliyorudi kwanza.

Baada ya hapo kila kampuni ikaja na dawa yake. iPhone X ikaacha mkato juu ya skrini. Vivo NEX ya mwaka 2018 ikaweka kamera inayochomoza juu kwa mota, wazo zuri, ila ni kipande kingine kinachotembea, chenye kuchukua nafasi na kuingiza vumbi. Halafu likaja tundu dogo, ambalo ndilo limeshinda hadi sasa.

Mwaka 2020 ZTE ikaingiza sokoni Axon 20 5G yenye kamera iliyojificha chini ya skrini. Hapo fizikia ikagoma kidogo. Mwanga ukipita kwenye vijinafasi vyembamba kati ya pikseli, haunyooki vilevile, unajikunja na kutawanyika. Wanafizikia wanaita difraksheni. Ndiyo maana picha za kamera za aina hiyo huwa na ukungu, hasa kukiwa na taa kali, na programu lazima ijaribu kuusafisha.

Faida za kweli

Tusiwe wachoyo, faida zipo. Kinachoamua kama simu inashikika kwa mkono mmoja ni upana wa mwili wake kuliko urefu. Ukiondoa fremu za pembeni, unapata skrini pana bila kunenepesha simu. Kwa mwanafunzi anayesoma PDF ya kurasa 80 akiwa kwenye daladala, maneno kuwa makubwa kidogo ni nafuu kubwa kwa macho. Kibodi inapanuka, ramani inaonyesha mitaa mingi zaidi, na mkutano wa video unaonyesha sura za watu badala ya vidoti. Kwa mtu ambaye simu ndiyo kompyuta yake pekee, hii si anasa.

Inchi nazo zinadanganya

Inchi za skrini hupimwa kona kwa kona, kimshazari. Kipimo hicho hakikwambii eneo.

Chukua skrini mbili, zote za inchi 6.5. Moja ina umbo la zamani la 16 kwa 9, nyingine umbo refu la sasa la 20 kwa 9. Kwa kanuni ya Pythagoras tuliyoisoma sekondari, ya kwanza ina eneo la sentimita za mraba kama 116.5, na ya pili kama 102. Inchi zilezile, lakini ile ndefu ina eneo dogo kwa takribani asilimia 12.

Na si hivyo tu. Video nyingi bado ni za 16 kwa 9. Ukizitazama kwenye skrini ya 20 kwa 9 bila kuzikata, zinajaza asilimia 80 tu, pembeni panabaki weusi. Yaani fremu uliyoikimbia imekurudia kwa mlango wa nyuma. Faida utaiona zaidi unaposoma maandishi marefu kuliko unapotazama mpira.

Hasara, na siku inapoanguka

Hasara ya kwanza ni vidole. Fremu ilikuwa mahali pa kushikia. Sasa kiganja kinagusa skrini, na programu lazima ikisie ni mguso gani umekusudiwa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019, unaweza kurudi nyuma kwa kuteleza kidole kutoka ukingoni. Ni tamu ukiizoea, ila kwenye programu zenye menyu ya pembeni, ulitaka kufungua menyu ukajikuta umetoka kabisa.

Ya pili ni vitambuzi. Baadhi ya simu za bei nafuu zimeondoa kitambuzi halisi cha ukaribu na kutegemea programu kukisia. Ikikosea, skrini haizimi ukiwa kwenye simu, na shavu lako linakata maongezi au kuzima maikrofoni. Mwenzio anasema "haloo, haloo," nawe unalaumu mtandao.

Ya tatu ndiyo kubwa: kuvunjika. Kioo cha simu huimarishwa kwa kuchovywa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka kwa joto la nyuzi 400 hivi za Selsiasi. Ioni za potasiamu, ambazo ni kubwa, zinachukua nafasi za ioni ndogo za sodiamu, na uso wa kioo unabaki umejibana. Kujibana huko kunazuia ufa kufunguka. Lakini kioo huwa dhaifu zaidi kwenye kingo, ambako kuna vijinyufa visivyoonekana kwa macho. Simu ikitua kwa kona, uzito wote unaangukia eneo dogo sana, hivyo shinikizo linakuwa kubwa. Fremu nene ilikuwa inakiweka kioo mbali na pigo hilo. Kwenye simu ya leo, hasa yenye kingo zilizopinda, kioo chenyewe ndicho kinachopokea. Hata protekta inakaa kwa shida kwenye kioo kilichopinda. Samsung, iliyopendezesha kingo hizo tangu Galaxy S6 edge ya mwaka 2015, ilirudi kwenye skrini bapa hata kwenye Galaxy S24 Ultra ya mwaka 2024.

Sasa rudi kwenye tofauti ya kioo na skrini. Siku hizi viwili hivyo vimegandishwa pamoja kwa gundi. Kikipasuka kioo tu, mara nyingi fundi anabadilisha vyote, na skrini ya OLED ni kati ya vipuri ghali kuliko vyote kwenye simu. Na simu ikigoma kupokea mguso, huwezi kuweka namba ya siri. Laini utaihamishia kwenye kiswaswadu na miamala ya pesa itaendelea, lakini picha, namba za watu, na sura ya tatu ya tasnifu yako vimefungiwa ndani.

Kabla hujatoa hela

Muulize fundi bei ya skrini ya modeli hiyo *kabla* ya kununua simu, kisha ijumlishe kwenye bei ya simu. Kama jumla inakutisha, hiyo simu si ya mfuko wako. Chagua kioo bapa kuliko kilichopinda, isipokuwa kama una sababu. Nunua kava ambalo kingo zake zimeinuka kidogo kupita kioo. Utakuwa umerudisha fremu, ndiyo, na kwa bei ndogo. Dukani, piga simu ya majaribio: weka sikioni, uone kama skrini inazima.

Na leo hii, kabla ya yote, hifadhi nakala ya vitu vyako vya muhimu nje ya simu. Skrini ikigoma kuguswa lakini bado inaonyesha picha, jaribu kuunganisha kipanya cha kompyuta kwa waya wa OTG. Simu nyingi za Android zinakikubali, utaweka namba ya siri kwa kubofya na kuokoa mafaili yako. Lakini skrini ikiwa giza kabisa, kipanya hakitakusaidia.