Dola 7 au Dola 190?

Siku aliyoapishwa, Januari 20, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri iliyolivunja, kwa mara ya pili, jopo la serikali ya Marekani lililokuwa likikadiria hasara inayoletwa na kila tani ya hewa ukaa. Makadirio yenyewe yamekuwa yakipanda na kushuka ajabu. Mwaka 2017 serikali yake ya kwanza iliyaweka kati ya dola 1 na dola 7 kwa tani. Mwaka 2021 serikali ya Joe Biden ikayarudisha hadi dola 51. Desemba 2023 mamlaka ya mazingira ya nchi hiyo ikatangaza dola 190. Wengi watasema hiyo ni siasa tu, na siasa imo kweli. Lakini sehemu ya tofauti hiyo inatokana na namba moja ndogo iliyojificha ndani ya hesabu, namba ambayo hakuna kifaa cha kuipima. Huchaguliwa na watu, na kuichagua ni kuamua nani ahesabiwe na nani asahaulike. Habari za namna hewa ukaa inavyoleta joto tuziache. Zimeandikwa vya kutosha.

Chukua upatu wa akina mama kumi. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 50,000, na aliyefikiwa na zamu anaondoka na laki tano. Kwenye daftari wote wako sawa, lakini hakuna asiyejua kwamba zamu ya kwanza ni tamu kuliko ya kumi. Wa kwanza anaongeza mzigo dukani mwezi uleule. Wa kumi anangoja huku bei ya sukari ikipanda, akimwomba Mungu wenzake wasiingie mitini. Mwambie wa kwanza wabadilishane zamu, naye atadai aongezewe kitu. Kiasi atakachodai, kikigeuzwa kuwa asilimia kwa mwaka, ndicho wachumi wanachokiita kiwango cha punguzo (jina lisilonikaa vizuri, maana dukani punguzo humfurahisha mteja, na hapa anayepunguziwa ndiye anayeumia). Sasa urefushe mchezo, zamu zichukue miaka 100. Waliotangulia wamekwisha kupokea: wamechoma makaa ya mawe, wamejenga viwanda na barabara. Wa mwisho hawajazaliwa, kura ilipigwa wakiwa hawapo, na kilichobaki kwenye kapu ni deni. Anayepanga asilimia ni yule wa zamu ya kwanza. Na asilimia hiyo hukata mwaka baada ya mwaka juu ya kile kilichokwisha kukatwa, ndiyo maana inakuwa kali kiasi hiki: hasara ya dola milioni 1 itakayotokea miaka 100 ijayo, kwa punguzo la asilimia 7, leo inahesabiwa kuwa dola 1,150 hivi. Kwa asilimia 5 ni dola 7,600. Kwa asilimia 2 ni dola 138,000. Mamlaka ya Marekani ilipotangaza dola 190 ilitumia asilimia 2. Kwa asilimia 2.5 hesabu hiyohiyo ilitoa dola 120, na kwa 1.5 ikatoa dola 340.

Aliyeipasua namba hii tuone kilichomo ni Frank Ramsey wa Cambridge, mwaka 1928, mwaka mmoja na kidogo kabla ya kufariki akiwa na umri wa miaka 26. Ndani yake mna vitu viwili: papara, yaani kutaka cha leo kwa sababu tu ni cha leo, na matarajio kwamba wajao watakuwa na mali kuliko sisi, hivyo shilingi moja itawafaa kidogo kuliko inavyotufaa. Papara baina ya vizazi Ramsey aliikataa katakata. Nicholas Stern, mchumi ambaye miaka ya nyuma alitafiti chai ya wakulima wadogo wa Kenya, alimfuata katika ripoti aliyoiandikia serikali ya Uingereza mwaka 2006: aliweka asilimia 0.1 tu, kwa kufikiria uwezekano wa binadamu kutoweka kabisa, akajumlisha ukuaji wa uchumi na kupata asilimia 1.4. William Nordhaus wa Chuo Kikuu cha Yale aliweka 1.5 kwa papara, akatarajia ukuaji mkubwa zaidi na kuupa uzito mara mbili, akafika kwenye asilimia 5.5. Stern akasema tuchukue hatua kali sasa. Nordhaus akasema twende polepole. Oktoba 8, 2018, Nordhaus alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel, ndiyo siku wanasayansi wa Umoja wa Mataifa walipotoa ripoti yao kuhusu kikomo cha ongezeko la joto la nyuzi 1.5. Njia ambayo modeli ya Nordhaus iliiona kuwa bora iliruhusu ongezeko hilo kufika nyuzi 3.5 hivi mwaka 2100.

Nordhaus ana hoja, tena nzito: kiwango kisitoke kichwani mwa mwanafalsafa, kitazamwe sokoni, katika namna watu wanavyoweka akiba na kukopa. Lakini sokoni hukutana walio hai. Asiyezaliwa hana meza pale. Wengine husema fedha za kupambana na joto ziwekezwe kwa asilimia 5, wajukuu walipwe fidia. Kimahesabu sawa, ila akaunti hiyo haijafunguliwa, wala hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuifungua. Wachumi takriban 200 waliobobea walipoulizwa, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, jibu la katikati lilikuwa asilimia 2. Makadirio ya hasara yenyewe yana utata, hasa joto likiongezeka zaidi ya nyuzi 3, lakini hilo halibadilishi hoja.

Pingamizi linalotugusa zaidi ni hili: kwa nini mkulima wa Singida ajinyime leo kwa ajili ya wajukuu watakaomzidi utajiri? Kwanza, si yeye anayedaiwa. Afrika nzima hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa ya dunia. Pili, kama shilingi ina uzito zaidi mkononi mwa maskini, basi iwe hivyo pia kati ya nchi na nchi leo hii, si kati ya leo na kesho pekee. Zile dola 1 hadi 7 za mwaka 2017 zilihesabu madhara ya ndani ya Marekani tu. Kwa hesabu hiyo mafuriko kama yale ya Rufiji ya Aprili 2024 ni sifuri.

Nasi hatujasalimika na namba hii. Benki ya Dunia kwa miaka mingi ilipima miradi kwa asilimia 10 hadi 12. Kwa asilimia 12, ukuta wa kuzuia bahari kama ule wa Dar es Salaam, ukiokoa mali ya dola milioni 1 miaka 50 ijayo, leo huonekana umeokoa dola zisizofika 3,500, na mhandisi huambiwa mradi haulipi. Diwani au mbunge atakayeletewa upembuzi yakinifu wa namna hiyo aulizie kiwango cha punguzo kabla ya kupiga kura, na aulize pia nani alikichagua.