Kabla ya kununua throto mpya, pima waya kwanza

PIKAPU imepakia maembe kutoka Kalamba, inatafuta Mombasa Road. Ghafla taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Dereva anakanyaga mafuta lakini gari haliitiki. Halizimi, ila linajikokota tu kama punda aliyechoka, na maembe hayo yana mnunuzi anayesubiri.

Dereva yeyote anayezunguka Makueni na Kitui anajua kinachofuata. Gari linasukumwa hadi kwa fundi wa karibu, boneti inafunguliwa, watu watano wanachungulia, kila mmoja ana maoni. Kabla ya nusu saa uamuzi umepitishwa: throto imekufa, agiza nyingine Nairobi, Kirinyaga Road, itumwe na matatu ya jioni. Doh zinatumwa. Kesho yake throto inafungwa, na gari bado linajikokota. Ukitaka kuirudisha, muuzaji anakukumbusha kuwa vifaa vya umeme vikishatoka dukani havirudi.

Hapo ndipo pesa za vijana wengi wenye gari la kwanza hupotelea. Si kwamba fundi ni mwizi, mara nyingi ana nia njema kabisa. Shida ni kwamba amebahatisha, na kubahatisha kunalipiwa na mwenye gari.

Tuanze na neno lenyewe. Aktueta ni kifaa chochote kinachopokea amri ya umeme na kuigeuza kuwa mwendo. Sensa husikia na kuripoti, kompyuta ya gari huamua, halafu aktueta hutenda. Kile kimota kinachofunga milango ukibonyeza rimoti ni aktueta. Injekta inayonyunyiza mafuta ni aktueta. Ndani ya throto, ile sehemu inayopitisha hewa kuingia kwenye injini, kuna kipepeo cha chuma kinachozungushwa na mota. Hiyo mota nayo ni aktueta.

Zamani kipepeo hicho kilivutwa na kebo kutoka kwenye pedali. Kebo ikikatika, unaiona. Siku hizi pedali ni sensa tu, kazi yake ni kuiambia kompyuta mguu wako umekanyaga kiasi gani. Na kwa kuwa Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, magari ya Japani yanayoshuka Mombasa leo karibu yote ni ya mtindo huu. Fundi aliyezoea kebo na kabureta sasa anatakiwa ajue umeme, apende asipende.

Kompyuta ikishuku kuwa haiwezi kukitawala kipepeo, hukata umeme wa mota. Springi inakirudisha mahali pake karibu na kujifunga, inabaki hewa kidogo tu ya kulifikisha gari pembeni mwa barabara. Kwa hivyo ule mwendo wa punda si ugonjwa. Ni ulinzi. Heri gari linalojikokota kuliko linalokataa kupunguza kasi ukiteremka na lori liko mbele yako.

Sasa, msimbo. Chini ya usukani kuna soketi ya matundu 16 ambamo mashine ya kudayagnosi huchomekwa. Kuna hata vifaa vidogo vya Bluetooth vinavyosomeka kwa simu, na kijana yeyote mwenye gari angefaa kuwa nacho. Lakini watu wanakosea kwa kudhani mashine inataja kifaa kilichoharibika. Haitaji. Inataja njia ambayo kompyuta imeona kitu kisicho cha kawaida.

Chukua msimbo P2118. Maelezo yake yanazungumzia mkondo wa umeme wa mota ya throto. Ukiyasoma haraka utasema basi, mota imeungua. Ila katika miongozo ya ukarabati ya Toyota, msimbo huo unakupeleka kwenye umeme unaolisha mota: betri, vichwa vya betri, fyuzi iliyoandikwa ETCS, waya, na mwisho kabisa kompyuta yenyewe. Yaani unaweza kununua throto tatu na msimbo ukaendelea kukucheka, kumbe ni fyuzi ya ampia 10 ambayo bei yake haifiki hata ya chai na mandazi.

Fundi anayejua kazi yake huanzia kwa mwenye gari, si kwa spana. Tatizo lilianza lini? Injini ikiwa baridi au moto? Gari lilioshwa jana? Betri ilibadilishwa? Kuna mtu aliyefunga alamu au traka? Swali hilo la mwisho lidharau kwa hasara yako, maana waya nyingi hukatwa na kuungwa kwa tepu siku ya kufunga traka.

Kisha anapima betri. Ikiwa nzima na imechajiwa, gari likiwa limezimwa, multimita itasoma karibu volti 12.6. Injini ikinguruma isome takriban 13.5 hadi 14.5. Chini ya hapo kompyuta inaweza kulalamika kuhusu vifaa visivyo na hatia.

Baada ya hapo, kama mashine yake inaweza, anaiamuru aktueta ifanye kazi injini ikiwa imezimwa. Kipepeo kikifunguka na kufunga vizuri, basi mota iko hai na njia ya amri inapitika, angalau kwa wakati huo. Hapo unatafuta kitu kinachokatika na kurudi: unatikisa waya polepole, plagi moja baada ya nyingine, ukitazama lini namba zinaruka. Usiingize kidole kwenye kipepeo swichi ikiwa imewashwa. Mota hiyo ina nguvu kuliko unavyodhani.

Kisipotikisika, unagawanya njia. Umeme unafika kwenye plagi? Eathi ni nzuri? Hapa ndipo mafundi wengi hudanganywa na multimita yao wenyewe. Waya wenye nyuzi ishirini ukibaki na uzi mmoja, ukiupima ukinzani bila mzigo utaonekana mzima. Ukiupa kazi, umeme unakwama. Kwa hivyo pima volti kifaa kikiwa kinafanya kazi: ncha moja ya multimita kwenye eathi ya kifaa, nyingine kwenye kichwa hasi cha betri. Ukisoma zaidi ya volti 0.2 hivi, eathi ina shida, na hakuna throto mpya itakayoitibu.

Mota ya throto ina mtego mwingine. Kompyuta huilisha umeme kwa kuuwasha na kuuzima haraka mno, ili iweze kukisukuma kipepeo kidogo kidogo. Usitarajie kukuta volti 12 zilizotulia pale. Fundi wa kutumia balbu ya kupimia ataona mwanga hafifu aseme umeme ni mdogo. Mbaya zaidi, balbu kubwa ikiguswa kwenye waya wa kompyuta inaweza kuichoma, na kompyuta si bei ya throto tena.

Ukambani una visababishi vyake pia. Vumbi la barabara za ndani, upande wa Kyuso na Ikutha, hupita kwenye filta iliyochakaa au isiyokaa vizuri, likachanganyika na mvuke wa oili na kugandisha kipepeo. Hapo umeme ni mzima kabisa, kinachotakiwa ni dawa ya kusafishia throto na kitambaa. Panya nao hupenda joto la injini, hasa gari likilala ocha wikendi nzima karibu na ghala la mahindi. Halafu kuna ule mtindo wa kuosha injini kwa maji ya presha ili ing'ae. Maji huingia kwenye plagi, pini zikaota kutu ya kijani, na wiki mbili baadaye unamlaumu fundi. Mimi ningeupiga marufuku.

Kwa barobaro anayetafuta kazi ya mikono, hapa kuna pengo. Wa kubadilisha breki ni wengi kila soko. Anayeweza kukaa na mchoro wa waya akaufuata hadi mwisho, mnamtafuta kwa simu. Ufundi wa umeme wa magari una mtihani wake wa NITA, kuanzia gredi ya tatu hadi ya kwanza, na kozi za magari zinapatikana karibu, ikiwemo Wote Technical Training Institute. Ukitaka kujaribu mkono, anza na mlango usiojifunga kwa rimoti. Ni mota ndogo yenye waya mbili, umeme ukigeuzwa upande inafunga au inafungua, na mara nyingi utakuta waya umekatikia pale kwenye mpira wa bawaba, unapokunjwa kila mlango unapofunguliwa. Hakuna atakayeumia ukikosea.

Na wewe mwenye gari, kabla ya kutuma pesa Nairobi uliza swali moja: umepima nini, na umesoma ngapi? Fundi aliyepima atakujibu kwa namba. Akishatengeneza, omba kile kifaa cha zamani, na usiende mbio kabla injini haijajifunza upya mwendo wake wa kupumzika. Throto ikisafishwa au kubadilishwa, saileza inaweza kupanda na kushuka mpaka kompyuta irekebishwe. Kuna magari yanayofanya hivyo yenyewe baada ya muda mfupi, mengine yanahitaji ile mashine. Mwambie aimalizie kabisa kabla hujamlipa.