Kampala Isiyotajwa: Maeneo ya Kutembelea kwa Mpenzi wa Kiswahili

Mgeni anayefika Kampala kwa mara ya kwanza, hasa mwalimu au mwanafunzi anayekuja kwa makongamano ya CHAKAMA au CHAWAKAMA, kwa kawaida hupelekwa mahali palepale. Huonyeshwa makaburi ya Makabaka huko Kasubi, madhabahu ya Mashahidi Namugongo, na Msikiti wa Taifa kwenye kilima cha Old Kampala. Siku ya mwisho hupelekwa Jinja kutazama Mto Naili unapotoka ziwani. Maeneo hayo yanastahili kutembelewa. Hata hivyo, mgeni huyo mara nyingi huondoka na wazo lilelile alilokuja nalo, kwamba Kampala ni mji usio na Kiswahili, na kwamba lugha hii imeanza kuletwa juzi tu, Baraza la Mawaziri lilipoidhinisha mwezi Julai 2022 iwe lugha rasmi na somo la lazima shuleni.

Makala haya yanakusudia kuwaonyesha wageni wetu, na wanafunzi wetu wenyewe, baadhi ya maeneo yasiyotajwa sana ambayo yanasimulia habari tofauti. Mengi yanaweza kufikiwa kwa teksi za abiria au bodaboda kwa siku mbili.

Wamala: Kiswahili kilipofika ikulu

Wamala iko nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Hoima, karibu na Nansana. Hapo ndipo alipozikwa Kabaka Suuna II, aliyetawala hadi mwaka 1856. Wageni ni wachache sana wakilinganishwa na wale wa Kasubi. Katika enzi ya Suuna, miaka ya 1840, wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kutoka pwani walifika Buganda kwa mara ya kwanza. Walileta vitambaa, shanga na bunduki, wakarudi na pembe za ndovu na watumwa.

Mwanawe, Mutesa I, alijifunza Kiswahili. Henry Morton Stanley alipofika kwake mwaka 1875, Kiswahili ndicho kilichotumika katika mazungumzo yao. Stanley alipoondoka alimwacha ikuluni Dallington Maftaa, kijana aliyesomeshwa na wamisionari Zanzibar, ili aendelee kumsomea Kabaka Biblia. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya ikulu ya Buganda kabla ya kuwapo askari wa kikoloni.

Kabla ya kwenda, ulizia kama eneo liko wazi kwa wageni. Ukifika, vua viatu na uketi mkekani kama wenyeji. Akina mama na akina dada wavae nguo ndefu au wajifunge leso.

Nateete na Busega: lugha ya wasomaji wa kwanza

Kusini-magharibi mwa jiji, kwenye barabara ya Masaka, kuna Nateete, ambako mmisionari Alexander Mackay alikuwa na makazi yake baada ya kufika Buganda mwaka 1878. Wanafunzi wake wa kwanza walianza kusoma kwa Kiswahili, kwa kuwa maandiko ya Kiganda yalikuwa bado hayajaandaliwa. Mpaka leo kitenzi cha Kiganda okusoma, kilichotokana na Kiswahili, kina maana ya kusoma na pia ya kusali.

Karibu na hapo, Busega, kuna kumbukumbu ya vijana watatu Wakristo waliouawa tarehe 31 Januari 1885. Hao waliwatangulia mashahidi wa Namugongo, waliouawa mwaka 1886. Wamisionari walisimulia kwamba vijana hao waliimba wimbo wa dini kwa Kiswahili walipokuwa wakipelekwa kuuawa. Maelfu ya mahujaji hufurika Namugongo kila tarehe 3 Juni, lakini Busega huwa kimya karibu mwaka mzima. Mwanafunzi wa Kiswahili asiache kufika.

Makerere: ofisi iliyosahauliwa

Wageni wengi hupiga picha mbele ya Jengo Kuu la Makerere, lile lililoungua Septemba 2020 na kujengwa upya, kisha huondoka. Ni wachache wanaojua kwamba Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1930, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi 1962, kabla ya kuhamia Mombasa na hatimaye Dar es Salaam, ambako ilizaa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Jarida la Kamati hiyo ndilo lililotoa maisha ya Tippu Tip, Kiswahili chake pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley.

Mwezi Juni 1962 kilima hichohicho kilipokea mkutano maarufu wa waandishi wa Kiafrika. Walioalikwa ni wale walioandika kwa Kiingereza, hivyo Shaaban Robert, aliyeandika kwa Kiswahili, hakuwa na nafasi. Alifariki dunia mwezi huohuo. Ukipita Makerere, simama kidogo ufikirie jambo hilo.

Mengo: chanzo cha chuki

Hatuwezi kuficha upande mwingine. Wazazi wengi wa Kampala bado huwaambia watoto wao kwamba Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Anayetaka kuelewa maneno hayo aende Mengo. Kabaka Daudi Chwa alipinga mwaka 1929 mpango wa serikali ya kikoloni wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi, akihofia kwamba Kiganda kingedhoofika na Buganda ingepoteza nafasi yake. Tarehe 24 Mei 1966 jeshi likiongozwa na Idi Amin lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka, na Mutesa II akakimbilia uhamishoni, ambako alifariki mwaka 1969. Ndani ya uwanja wa Lubiri mgeni huonyeshwa ghala la silaha la chini ya ardhi ambalo enzi za Amin liligeuzwa mahabusu na mahali pa mateso.

Kiswahili kilikuwa lugha ya amri jeshini tangu enzi za K.A.R. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, watu wengi walikuwa wameshakisikia kwenye vizuizi vya barabarani. Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda asiyelijua jambo hili atawashangaa wanafunzi wake bure.

Sokoni na mitaani

Mwisho, tenga nusu siku kwa ajili ya masikio. Chukua daftari uende soko la Nakasero au Owino uorodheshe maneno ya Kiganda yaliyotoka katika Kiswahili: ekitabo, emmeeza, eddirisa, ssabbuuni, edduuka, bbeeyi. Uliza saa, nawe utagundua kwamba Waganda huhesabu kama sisi: ssaawa bbiri za asubuhi ndiyo saa mbili. Kisha nenda Nsambya, walikokaa wafanyakazi wa reli baada ya reli kufika Kampala mwaka 1931. Nenda pia Katwe, ambako wakimbizi kutoka Kongo huongea Kiswahili chao, na Kisenyi kwenye mabasi ya safari ndefu. Usiwasahihishe watu, wasikilize tu. Aidha, omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kurekodi sauti.

Jiji hili limekuwa na Kiswahili kwa zaidi ya miaka 170. Kimekuwa lugha ya biashara, ya ikulu, ya sala, ya utafiti na, kwa bahati mbaya, ya bunduki. Kazi yetu ya kukifundisha itakuwa nyepesi zaidi iwapo tutaijua historia hiyo yote, tamu na chungu, na njia rahisi ya kuijua ni kwenda kuiona. Kwa hiyo, ndugu msomaji, utakapokuja Kampala, omba siku moja zaidi katika ratiba yako. Tembea uone. Karibu sana.