Kinga ya Kiwandani na Sera ya Mwenye Mtandao

Mnyoo wa kompyuta uitwao Blaster ulipoenea Agosti 2003, Windows XP ilikuwa tayari na ukuta wa moto ndani yake, ila ulikuja ukiwa umezimwa. Mtumiaji alitakiwa auwashe mwenyewe, na wengi hawakujua hata kama upo. Mwaka uliofuata Microsoft ilitoa Service Pack 2, na ukuta ukawa unakuja umewashwa, ukikataa miunganisho inayotoka nje ambayo kompyuta haikuiomba. Kinga inayosubiri kuwashwa humfaa fundi tu. Wengine huachwa wazi. Ndiyo sababu kinga chaguo-msingi ni ya lazima.

Hata hivyo, mtengenezaji hajui kompyuta ipi iko mapokezi na ipi inaendesha mashine ya eksirei. WannaCry, programu hasidi ya kudai fidia iliyolipuka tarehe 12 Mei 2017, ilipenya kupitia mlango wa mtandao (port) namba 445, ambao ofisi nyingi huufungua makusudi ili wafanyakazi washirikishane mafaili. Hapo ndipo sera inapohitajika: iseme kompyuta ipi iwasiliane na ipi, mlango gani usionekane kwenye intaneti, na kiraka kiwekwe ndani ya siku ngapi. Kiraka cha Windows kilikuwa kimetoka tangu Machi, lakini mamlaka 80 kati ya 236 za hospitali za umma nchini England ziliathirika. Wakaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza walieleza kwamba, kiraka kiwepo kisiwepo, kusimamia vizuri kuta za moto zinazoelekea intaneti kungezikinga.

Atakayesema kwamba sera pekee inatosha akumbuke kuwa hospitali hizo ziliagizwa Machi na Aprili ziweke kiraka, lakini wizara ya afya haikuwa na utaratibu rasmi wa kuhakiki nani ametii. Wapo pia wanaolalamika kuwa kinga kali hukwamisha kazi. Wana hoja: printa ikigoma, fundi hufungua mlango "kwa muda", na muda huo hauishi. Lakini dawa si kulegeza kinga kwa wote. Kila ruhusa iandikwe jina la aliyeiomba, sababu yake na tarehe ya kufungwa, kisha ikaguliwe. Kwa mpangilio huo, mlango uliosahauliwa hugunduliwa na kufungwa, na ulio wazi una mtu wa kuulizwa.