Gharama ya Kupoteza Kazi Inabebwa na Nani?

Mei 1899 waajiri wa Denmark walifunga milango ya viwanda vyao na kuwazuia wafanyakazi wasiingie kazini. Mvutano ule ulidumu zaidi ya miezi mitatu. Ulipokwisha Septemba, pande mbili zilitia saini makubaliano ambayo hadi leo ni msingi wa soko la ajira la nchi hiyo. Waajiri walipata haki ya kusimamia kazi, kuajiri na kupunguza watu. Nao wakavitambua vyama vya wafanyakazi kuwa ndivyo watakavyokaa navyo mezani kupanga mishahara na masharti ya kazi. Mwaka 1907 dola ikaongeza nguzo ya tatu: ruzuku kwa mifuko ya bima ya kukosa kazi, iliyoendeshwa na vyama vyenyewe.

Naanzia mbali kwa sababu hapa Tanzania mjadala wa nani abebe gharama ya kupoteza kazi tunauendesha nusu nusu. Mwajiri analalamika kwamba sheria inamfunga mikono. Mfanyakazi naye anasema hajui kama mwezi ujao atakuwa na kazi. Wote wawili wanasema kweli.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamlinda mtu aliye kazini. Akishatimiza miezi sita, mwajiri haruhusiwi kumwachisha bila sababu halali na utaratibu wa haki. Biashara ikiyumba na ikabidi watu wapunguzwe, mwajiri anatakiwa kutoa taarifa mapema, kueleza sababu na kushauriana nao au chama chao. Akiruka hatua, shauri linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na fidia inaweza kuwa nzito. Huo ndio ugumu anaoulalamikia mwajiri. Lakini tazama anachoondoka nacho yule aliyepunguzwa kihalali, kwa kiwango cha chini cha sheria: notisi ya siku 28 kama analipwa kwa mwezi, na kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotumikia, hesabu ikikomea mwaka wa kumi. Aliyesimama kwenye mashine miaka 15 anapata kiinua mgongo cha siku 70.

Mwajiri anayeogopa kesi hutafuta mlango wa nyuma. Mtu anaitwa kibarua, analipwa jioni, na kesho yake anarudi tena, hata kwa miaka. Au anaajiriwa na wakala, ili kiwanda anachokitumikia kisiwe mwajiri wake kisheria. Kanuni za 2017 zilitaka mkataba wa muda maalumu usipungue miezi 12, lakini ni nani asiyemjua mtu anayesaini mkataba mpya kila baada ya miezi mitatu? Sheria inasema pia kwamba mtu aliyejengewa matarajio ya kuongezewa mkataba, kisha asiongezewe, anaweza kudai kuwa ameachishwa. Wanaoijua haki hiyo ni wachache, na wanaothubutu kuidai ni wachache zaidi.

Kwa hiyo wepesi wa kupunguza watu tayari tunao. Tatizo ni kwamba gharama yake yote inamwangukia aliyepunguzwa, na kutoka kwake inahamia kwa kaka mwenye mshahara, kwa shangazi kijijini na kwenye mkopo wa SACCOS usiolipika.

Hispania iliwahi kuupitia mlango huo wa nyuma kwa upana wote. Mwaka 1984 iliruhusu mikataba ya muda mfupi huku ikiwaacha wafanyakazi wa kudumu na ulinzi wao wote. Kufikia miaka ya 2000, karibu theluthi moja ya walioajiriwa walikuwa na mikataba ya muda. Msukosuko wa 2008 ulipofika, hao ndio waliotangulia kutolewa, na mwaka 2013 ukosefu wa ajira ukapita asilimia 26. Desemba 2021 serikali, waajiri na vyama walikubaliana kuufanya mkataba usio na ukomo kuwa kanuni ya kawaida.

Denmark gharama hiyo inalipwa hadharani. Mwanachama wa mfuko akikosa kazi hulipwa hadi asilimia 90 ya mshahara wake wa awali, kukiwa na kikomo, hivyo wa kipato kidogo anakingwa zaidi kuliko wa kipato kikubwa. Na halipwi ili akae. Baada ya ukosefu wa ajira kufikia takriban asilimia 12 mwaka 1993, mageuzi ya 1994 yalimtaka atafute kazi kwa bidii na aende mafunzoni. Muda wa kulipwa nao umepunguzwa hatua kwa hatua hadi miaka miwili. Haya yanabebwa kwa sehemu kubwa na kodi za juu ambazo Wadenmark wamezikubali. Mpango huo hatuwezi kuunakili: Watanzania wengi hawana mwajiri kabisa, na mfuko unaotegemea makato ya mshahara haumfikii mama lishe wala dereva wa bodaboda.

Hata hivyo, mbegu yake ipo kwetu. Tangu 2018 tuna fao la kukosa ajira: theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita, kwa aliyechangia mfuko wa hifadhi ya jamii angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari yake. Hasira juu ya kikokotoo cha pensheni na kufutwa kwa fao la kujitoa zilielekeza macho ya wengi kwingine. Naamini fao hili ndilo badiliko kubwa zaidi katika sheria zetu za kazi kwa miaka mingi, kwa sababu linamlinda mtu hata baada ya nafasi yake kufutwa.

Lakini sharti la miezi 18 ni mlima kwa kibarua ambaye hajaandikishwa popote. Mafunzo nayo yamesimama kando: waajiri wanalipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, vyuo vya VETA vipo, lakini anayepokea fao hapelekwi huko kama sehemu ya fao lenyewe. Miezi sita inatosha kujifunza uchomeleaji au umeme wa majumbani.

Waajiri wakiomba utaratibu wa kupunguza watu ufupishwe, hasa kwa biashara ndogo, mimi sipingi. Ila badiliko hilo lipitishwe siku moja na lile la kumwandikisha kila kibarua katika mfuko, kumlegezea masharti wa kazi za msimu, na kumlipia anayepokea fao ada ya chuo kwa miezi ile sita.