Mililita 3 Kisimani: Bei ya Tabia Inayodumu

Katika miaka ya 2000, chupa ya mililita 150 ya WaterGuard, klorini ya kusafisha maji, iliuzwa kwa takriban shilingi 20 madukani magharibi mwa Kenya. Mtungi wa maji wa lita 20 unahitaji mililita 3 tu za klorini hiyo, kwa hiyo chupa moja ilitosha mitungi 50. Gawanya shilingi 20 kwa 50, unapata senti 40 kwa mtungi. Wanavijiji wengi waliijua dawa, na walijua pia kwamba maji machafu huleta kuhara. Hata hivyo, watafiti walipopima maji majumbani, kaya zilizotia klorini hazikufika 10 katika kila 100.

Baadaye dawa ileile ilitolewa dukani ikapelekwa kisimani. Miongoni mwa walioongoza majaribio ya njia hiyo alikuwa mchumi Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo. Tangi dogo la klorini lilifungwa juu ya nguzo karibu na chemchemi. Anayekuja kuteka huweka mtungi chini ya tangi, huzungusha kifungulio mara moja, mililita 3 hudondoka, kisha huteka maji kama kawaida. Mwanakijiji aliyechaguliwa na wenzake hulijaza tangi likipungua. Baada ya miezi michache, klorini ilikutwa kwenye maji ya takriban kaya 60 katika kila 100.

Bure pekee haitoshi kueleza

Klorini ya kwenye tangi ni bure, na hilo lina uzito wake. Lakini tuhesabu pia mambo ambayo mtu analazimika kuyakumbuka. Mwenye chupa anapaswa kutenga pesa, kwenda dukani kila baada ya siku 50 hivi akitia mtungi mmoja kwa siku, kuihifadhi mbali na watoto, na kila siku kukumbuka kuipima. Hakuna saa wala shughuli inayomwambia kwamba sasa ndio wakati wake. Anayeteka kisimani hana safari ya ziada. Kiu na kazi za nyumbani zinampeleka pale kila siku, apende asipende, na tangi analiona kabla hajainua mtungi. Majirani nao wanaona kama amezungusha au amepita tu.

Chukua kisima kinachotumiwa na kaya 60, kati yao 36 zikitia klorini mtungi mmoja kwa siku. Matumizi ni mililita 108 kwa siku, kwa hiyo dumu la lita 5 linakaa siku 46. Kwa njia ya chupa, watu 36 wangelazimika kukumbuka kwenda dukani kila mmoja kwa wakati wake. Kwa njia ya tangi, anayelazimika kukumbuka ni mmoja, yule anayelijaza. Isitoshe, dumu hilo moja linachukua nafasi ya chupa 33 pamoja na vifuniko na vibandiko vyake.

Siku 66, chupa ya siku 50

Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, na matokeo yakatoka mwaka 2009. Kila mmoja alichagua tendo dogo la kula, kunywa au mazoezi, akaliambatanisha na jambo analolifanya kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Muda wa kati hadi tendo lianze kujiendesha lenyewe ulikuwa siku 66. Wepesi zaidi walikadiriwa kuhitaji siku 18, na wazito siku 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Zile siku 21 zinazotajwa mara kwa mara zina asili katika kitabu cha mwaka 1960 cha Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa sura, aliyekuwa akieleza jinsi wagonjwa wake walivyozoea nyuso zao mpya.

Sasa weka pamoja siku 66 za tabia na siku 50 za chupa. Washiriki wa London si wateka maji wa magharibi mwa Kenya, lakini tukichukua siku 66 kuwa kipimo cha kukadiria, anayetia mtungi mmoja kwa siku anahitaji mililita 198. Chupa ina 150. Dawa inakwisha siku 16 kabla tabia haijakaa, na mtu anarudishwa kwenye uamuzi wa kununua wakati bado anajilazimisha.

Gharama inategemea wanaotumia

Shirika la Evidence Action, lililoeneza matangi haya Kenya, Uganda na Malawi, limetaja gharama ya takriban dola 1.50 kwa mtu kwa mwaka. Hiyo ni chini ya nusu senti ya dola kwa siku. Kwa watu milioni 4, ukubwa ambao mpango huo umeshaupita, bili inakaribia dola milioni 6 kwa mwaka.

Lakini tangi hugharimu karibu kiasi kilekile, watu wazungushe wasizungushe. Wakitumia 60 katika 100, kila mtumiaji halisi anagharimu dola 2.50. Wakishuka hadi 10, kila mmoja anagharimu dola 15. Ndiyo maana mazoea si jambo la pembeni kwenye bajeti hii, bali ndiyo yanayoamua kama fedha zimetumika vizuri. Kinachotafutwa ni uhai: uchambuzi wa Kremer na wenzake uliojumlisha majaribio ya nchi mbalimbali ulionyesha kwamba kusafisha maji hupunguza uwezekano wa vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano kwa takriban robo.

Mfumo huu una udhaifu wake. Mvua ikinyesha, watu hukinga maji ya bati nyumbani na hawafiki kisimani. Bomba likifika uani, ni vivyo hivyo. Tangi likikaa tupu kwa wiki kadhaa, mkono unaacha kulitafuta. Tabia iliyopachikwa kwenye shughuli nyingine huondoka na shughuli hiyo.

Kwa msomaji

Ukitaka kuanzisha tabia yako, iwe vidonge vya presha, akiba au kusoma, fanya mambo matatu. Kwanza, chagua shughuli isiyokosekana: sala tano za Mwislamu ni vikumbusho 1,825 kwa mwaka, na mswaki ulishaunganishwa na udhu tangu zamani. Pili, weka kifaa mahali shughuli hiyo inapofanyika, si kabatini. Tatu, nunua akiba ya kukufikisha walau siku 66. Ukikosa siku moja, endelea kesho yake. Usiongeze tabia ya pili kabla ya kwanza kukaa.