Mlango Mmoja, Watu 200: Hesabu ya Budapest kwa Masoko Yetu

Mfanyabiashara anayetoka Mbarara na marobota ya mitumba, akapita Masha hadi makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hahitaji kalenda kujua siku ya mgao. Wakongo, Warundi, Wasomali na Wanyarwanda wote wako njiani, Kiswahili kikiwaunganisha, na kila mmoja anataka kupita palepale.

Msongamano huo una wasomi wake, nao ni wanafizikia. Katika Chuo Kikuu cha Eötvös Loránd, Budapest, nchini Hungaria, kipo kikundi cha utafiti wa fizikia ya takwimu na ya viumbe, ambacho kinara wake alikuwa Profesa Tamás Vicsek. Kazi yao, kwa lugha ya sokoni, ni kupiga hesabu ya mwenendo wa vitu vingi kwa pamoja bila kumfuatilia kila mmoja. Mwaka 1995 Vicsek na wenzake walionyesha kwamba kundi zima linaweza kuelekea upande mmoja bila kiongozi, ilimradi kila mmoja amwige jirani yake. Watafiti wengine baadaye waliitumia kanuni hiyo kueleza mwendo wa nzige wa jangwani, wale wale walioingia Karamoja Februari 2020.

Mwaka 2000 Vicsek, Illés Farkas na Mjerumani Dirk Helbing waligeukia binadamu. Kwenye kompyuta walichora chumba cha mita 15 kwa 15, wakaweka watu 200 na mlango wa mita moja. Watu walipotembea kwa utulivu, walitoka vizuri. Walipotaka kwenda zaidi ya mita moja na nusu kwa sekunde, mabega yalishikana mbele ya mlango kama upinde wa matofali. Wanachomoka wachache, mlango unaziba, wanachomoka wachache tena. Kadiri walivyoongeza haraka, ndivyo walivyochelewa. Wahenga wetu walilijua hilo bila kompyuta, ila hawakupima upana wa mlango.

Lililonishtua zaidi ni la chumba chenye moshi na milango miwili. Watu wakifuatana kwa kuigana, mlango mmoja unaziba na wa pili unabaki wazi, hauna mtu. Walipendekeza pia nguzo iwekwe mbele ya mlango, upande kidogo, ipunguze msukumo. Majaribio ya baadaye kuhusu nguzo yametoa majibu tofauti, kwa hiyo asikimbilie mtu kumwaga zege.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Moshi, Tanzania, Februari 1, 2020, watu 20 walikufa wakikimbilia mafuta ya upako. Usiku wa kuamkia Januari 1, 2023, watu wasiopungua 9 walikufa katika jengo la Freedom City, Kampala, wakibanana njiani kwenda kutazama fataki.

Sasa tazama masoko yetu ya mpakani. Meza zimesogezwa hadi katikati ya njia, na geti la pili limepigwa kufuli ili ushuru ukusanywe mahali pamoja. Ushuru ni haki ya halmashauri, sawa. Lakini moto ukizuka, wateja watakimbilia geti waliloingilia, na mwenye meza atakimbilia mzigo wake.

Mwulize mwenyekiti wa soko lako wiki hii: ufunguo wa geti la nyuma anao nani, na saa mbili usiku anapatikana wapi?